Kukwamua mashine ya boti

Kukwamua mashine ya boti ni kazi ya kurudisha mzunguko wa injini ya kupachika nyuma ya chombo ambayo imekwama, yaani flaiwili yake haizunguki hata kamba ya kuwashia ikivutwa kwa nguvu. Tatizo hili huzipata zaidi mashine za zamani za mipigo miwili zilizokaa muda mrefu bila kuwashwa, zilizozama, au zilizofanya kazi bila oili au maji ya kupozea ya kutosha. Mashine iliyokwama kwa kutu mara nyingi huokolewa kwa gharama ndogo na subira. Iliyokwama kwa joto ni nadra kurudi kazini bila kufunguliwa yote. Nyingi ambazo zingeweza kupona huharibiwa siku ya kwanza tu, pale mtu anapoilazimisha kuzunguka kabla hajajua kilichoishika.

Muundo

Katika mashine ya boti kranki husimama wima, flaiwili hukaa juu yake, na silinda hulala kwa ubavu. Kutoka kwenye kranki shafti ndefu hushuka ndani ya mguu wa mashine hadi giaboksi iliyo chini ya maji, ambako mzunguko hugeuzwa kuelekea nyuma kwenye rafadha (propela). Pampu ya maji yenye impela ya mpira hukaa kwenye shafti hiyohiyo, juu kidogo ya giaboksi. Kwa hiyo mtu anapovuta kamba, anazungusha vitu vingi kwa pamoja, na chochote kati yake kinaweza kuwa ndicho kilichokwama.

Pistoni hutengenezwa kwa alumini, ringi zake kwa chuma, na silinda katika mashine nyingi ni mkono wa chuma cha kalibu uliowekwa ndani ya bloku ya alumini. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda hukaribia unene wa unywele. Kutu hafifu tu inatosha kuijaza.

Injini ya mipigo miwili haina tangi la oili chini ya kranki kama injini ya gari. Oili huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo hupita kwenye chumba cha kranki na kulainisha beringi kabla ya kuingia silinda. Mashine nyingi hutumia uwiano wa 50 kwa 1, sawa na mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Baadhi ya za zamani zilitaka 25 kwa 1, yaani mililita 40. Injini ikizimwa, kinachobaki kulinda chuma ni utando mwembamba wa oili hiyo, ambao haudumu. Upande wa moshi nao uko wazi: njia ya moshi hushuka kwenye mguu wa mashine hadi majini, na unyevu wa chumvi huweza kupanda kwa njia hiyohiyo hadi kwenye silinda ambayo tundu lake la moshi limeachwa wazi na pistoni. Ndiyo maana katika mashine ya silinda mbili mara nyingi moja tu ndiyo imeshika kutu.

Umri wa mashine

Mashine ya kupachika iliyoifanya biashara hii ikue ni ile ya Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee, Marekani, ambaye alianza kuuza mashine zake mwaka 1909. Yamaha ya Japani ilitoa mashine yake ya kwanza ya boti, P-7, mwaka 1960, na baadaye aina yake ya Enduro ikawa ya kawaida kwa wavuvi na wasafirishaji wa Afrika. Mashine za aina hiyo za nguvu farasi 15 na 40 huonekana kwenye mialo ya Ziwa Victoria na kwenye pwani ya Kenya na Tanzania. Katika Marekani na Umoja wa Ulaya kanuni za moshi zimeziondoa sokoni mashine mpya za mipigo miwili zenye kabureta. Katika Afrika ya Mashariki bado zinafanya kazi na kutengenezwa, na vipuri vyake hupatikana. Jambo hili lina uzito wakati wa kuamua kama mashine inafaa kuhangaikiwa. Evinrude, kwa mfano, ilisitishwa kutengenezwa mwaka 2020, na mwenye mashine hiyo hutegemea vipuri vilivyobaki au vilivyotolewa kwenye mashine nyingine.

Sababu za kukwama

Kutu ya kukaa ndiyo sababu ya kawaida. Mashine huwekwa stoo baada ya msimu, plagi hutolewa na matundu kuachwa wazi, au kifuniko cha juu hupotea na mvua ikaingia kupitia kabureta. Ringi hushikana na ukuta wa silinda. Huenda kutu ikawa mstari mmoja tu, lakini hutosha kuzuia mzunguko.

Kuzama ni hatari zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani, na hatari yenyewe huanza mashine inapotolewa majini. Chuma kilicholowa maji ya chumvi kikikutana na hewa huanza kuoza ndani ya saa chache. Mashine iliyozama inatakiwa ioshwe kwa maji baridi, plagi zitolewe, maji yamwagwe, kisha oili iingizwe na izungushwe siku hiyohiyo. Ikiwa fundi yuko mbali, ni afadhali mashine ibaki imezamishwa kwenye pipa la maji baridi hadi atakapofika kuliko kuianika juani ikauke. Ushauri huu huwashangaza wengi, lakini sababu yake ni hewa: chini ya maji kuna oksijeni kidogo sana.

Joto huikamata mashine ikiwa kazini. Impela imechakaa, au mdomo wa kunyonyea maji umezibwa na mfuko wa plastiki, tope au magugu maji. Au mtu amejaza petroli tupu bila oili. Pistoni ya alumini hutanuka zaidi ya silinda ya chuma, nafasi huisha, na alumini husuguliwa ukutani na kugandia hapo. Mara nyingine mashine hupoa na kuzunguka tena. Hali hiyo haina maana kwamba imepona: ukuta umeshakwaruzwa na ringi huenda zimeshikana ndani ya pistoni.

Sababu nyingine ziko nje ya silinda: beringi za kranki zilizooza, giaboksi iliyoingiwa maji, konrodi iliyovunjika, au stata ya kamba iliyosokotana.

Mazingira hubadilisha picha. Kwenye maziwa kama Victoria na Tanganyika maji hayana chumvi ya bahari, kutu huja polepole, na bolti za nje hufunguka baada ya miaka mingi. Baharini chumvi huganda kwenye njia za maji, na bolti za chuma zilizoshikana na alumini hutoa unga mweupe na kuungana nayo. Kwa mashine ya pwani, kazi ya kuikwamua pistoni huweza kuwa rahisi kuliko kufungua bolti za kuifikia.

Kutambua kilichoshika

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha gia iko nyutro. Mashine nyingi zina kizuizi kinachofunga stata gia ikiwa mbele au nyuma, na waya wa kizuizi hicho ukilegea au ukishika kutu, kamba haivutiki hata kama injini ni nzima. Kwa hiyo stata ya kamba hufunguliwa na kuwekwa pembeni, kisha flaiwili hujaribiwa kwa mikono.

Plagi zote hutolewa kabla ya jaribio hilo. Sababu ni maji: silinda iliyojaa maji haiwezi kugandamizwa, na anayelazimisha mzunguko plagi zikiwa ndani hupinda konrodi. Maji yakimwagika kupitia matundu ya plagi na flaiwili ikaanza kuzunguka, mashine haikuwa imekwama bali ilikuwa imejaa maji.

Ikibaki imeshika, giaboksi hutenganishwa na sehemu ya juu. Bolti chache zinazoishikilia kwenye mguu hufunguliwa, fimbo ya gia hutenganishwa, na giaboksi hushushwa pamoja na shafti na pampu. Flaiwili ikizunguka sasa, tatizo liko chini. Oili ya giaboksi iliyogeuka rangi ya maziwa ni dalili kwamba sili zimepitisha maji. Flaiwili isipozunguka, tatizo liko kwenye injini yenyewe. Hatua hii huchukua chini ya saa moja mashine ikiwa haijaliwa na chumvi, na ni kosa kuiruka, kwani wapo mafundi waliolowesha silinda wiki nzima wakati kilichokwama kilikuwa giaboksi.

Tochi ndogo ikimulikwa kupitia tundu la plagi huonyesha kichwa cha pistoni na sehemu ya ukuta. Katika injini ya mipigo miwili vifuniko vya njia ya moshi au ya kuingizia hewa vikitolewa, ubavu wa pistoni na ringi huonekana kupitia matundu ya silinda. Rangi ya kahawia ni kutu. Mistari ya wima inayong'aa, na alumini iliyopakazwa ukutani, ni joto.

Kulowesha

Mashine iliyoshikwa na kutu hulowesha kwa mafuta yanayopenya. Yako ya kununua ya kopo, lakini mengi hutengenezwa karakana: dizeli, mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, au oili ya giaboksi otomatiki na asetoni kwa vipimo sawa. Mchanganyiko huu wa mwisho hupenya sana, ila vitu hivyo viwili hutengana vikitulia, hivyo hutikiswa kabla ya kumiminwa. Asetoni pia hulipuka moto kwa urahisi na huondoa rangi. Mafuta ya breki hufanya kazi vilevile na huharibu rangi na mpira. Soda ya kola, inayosifiwa sana mitaani, ina asidi ya fosforiki inayokula kutu, lakini sehemu kubwa ya soda ni maji na sukari, na kuimimina kwenye beringi ni kuongeza ugonjwa.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni la mkao. Kwa kuwa silinda hulala kwa ubavu, mafuta yakimiminwa mashine ikiwa imesimama hulowesha nusu ya chini tu ya pistoni na mengine humwagika. Mashine hulazwa juu ya mbao au matairi hadi matundu ya plagi yaangalie juu, kisha kila silinda hujazwa. Pistoni ikiwa imeshuka chini ya matundu ya silinda, mafuta yatatoroka kupitia hapo hadi kwenye njia ya moshi. Hapo hakuna budi kuongeza kidogo kidogo kila siku. Plagi hurudishwa kwa vidole tu ili asetoni isiishe hewani.

Muda wa kusubiri ni kati ya usiku mmoja na wiki mbili. Kiwango cha mafuta kikianza kushuka ndani ya silinda iliyofungika, mafuta yameanza kupita kando ya ringi, nayo ni habari njema.

Kuzungusha

Nguvu hutumika kidogo kidogo na kwa kurudiarudia. Soketi huwekwa kwenye nati ya flaiwili na mpini mrefu husukumwa kuelekea upande wa kukaza, ambao katika mashine nyingi ndio upande wa mzunguko wa kawaida, yaani saa inavyokwenda mtu akitazama kutoka juu. Kusukuma upande wa kulegeza hufungua nati tu. Ili kurudisha nyuma, mkanda wa ngozi au wa kufungulia chujio la oili hufungwa kuzunguka flaiwili. Lengo la siku ya kwanza ni kusogea hata milimita moja. Pistoni ikisogea, hurudishwa, huongezwa mafuta, husukumwa tena, na kila mara umbali huongezeka. Kuipitisha kwa mkupuo mmoja juu ya kutu huvunja ringi au kukwaruza silinda.

Kamba ya stata haifai kabisa kwa kazi hii; vijino vyake huvunjika. Nyundo juu ya flaiwili ni mbaya zaidi, kwani sumaku zilizobandikwa ndani yake hupasuka au kung'oka na kranki huweza kupinda. Bisibisi iliyochomekwa kwenye meno ya flaiwili huyavunja.

Joto la nje husaidia, kwa kuwa bloku ya alumini hutanuka haraka kuliko chuma. Maji yanayochemka yakimiminwa juu ya bloku ni njia salama. Moto wa gesi hutumika tu baada ya mafuta yote ya kulowesha kuondolewa na matangi ya petroli kupelekwa mbali. Mvuke wa asetoni uliobaki ndani ya kranki huweza kuripuka usoni pa fundi. Njia nyingine ni kuisukuma pistoni kwa grisi inayoingizwa kwa bomba la grisi kupitia tundu la plagi, lakini hufaa tu pistoni ikiwa imefunika matundu yote ya silinda.

Pistoni ikigoma, silinda hedi hufunguliwa. Hapa ndipo bolti za mashine za pwani hukatika. Kila bolti huloweshwa, hupashwa moto, hugongwa kichwani kwa nyundo nyepesi, na kukazwa kidogo kabla ya kulegezwa. Hedi ikitoka, gogo la mbao ngumu lenye upana unaokaribia ule wa silinda huwekwa juu ya pistoni na kugongwa, ikiwa pistoni haiko mwisho wa juu wala wa chini wa safari yake. Katika sehemu hizo mbili konrodi imenyooka na nguvu yote huishia kwenye kranki bila kuizungusha. Kuna mashine ambazo bloku na hedi ni kipande kimoja, na kwa hizo njia hii haipo.

Baada ya kuzunguka

Mzunguko wa kwanza kamili hurusha mafuta kutoka kwenye matundu ya plagi kama bomba la kunyunyizia, kwa hiyo uso hukaa mbali na nyaya za plagi hupelekwa ardhini zisitoe cheche.

Kisha hufuata uamuzi mgumu. Kwa sauti na kwa hisia ya mkono, kranki ikizunguka kwa mikwaruzo baada ya pistoni kulegea, beringi zimeliwa na kutu. Beringi yenye vidonda haiponi kwa oili. Itafanya kazi kwa saa kadhaa au siku kadhaa, kisha itavunjika ikiwa kwenye mzunguko wa kasi, na konrodi huweza kutoboa bloku. Mashine ya namna hiyo ikiwashwa na kwenda vizuri kwenye pipa, mwenyewe huamini imepona na kutoka nayo nje ya miamba.

Kipimo cha mgandamizo huchukuliwa kwa geji kwenye kila silinda. Takwimu ya kiwandani hutofautiana kwa kila aina, lakini kinachotazamwa zaidi ni ulinganifu: silinda moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, ringi zimevunjika au zimeshikana, au gasketi imepasuka. Silinda yenye kutu nyepesi husuguliwa kwa mawe ya kuhoni na kupewa ringi mpya. Yenye mashimo huchongwa na kuwekewa pistoni ya ovasaizi, kwa kawaida ya milimita 0.25 au 0.50. Alumini iliyogandia ukutani huweza kuyeyushwa kwa asidi ya hidrokloriki, ikipakwa kwa uangalifu kwa kijiti chenye pamba, kwani asidi ikifika kwenye bloku ya alumini huila pia.

Impela hubadilishwa hata kama inaonekana nzima. Mpira uliokaa miaka katika mkao mmoja hubaki umepinda. Kabureta husafishwa, mabomba ya petroli yaliyokauka hutupwa, thermostati huondolewa na kusafishwa chumvi, na oili ya giaboksi hubadilishwa.

Kuwasha mara ya kwanza

Mashine huwashwa kwenye pipa la maji, mahali pa wazi, maji yakiwa yamepita juu ya bamba lililo juu ya rafadha. Rafadha yenyewe hutolewa. Kuwasha bila maji, hata kwa kujaribu tu, huunguza impela mpya kwa muda mfupi sana. Petroli huchanganywa na oili maradufu ya kawaida kwa tangi la kwanza. Moshi mweupe mzito ni wa mafuta ya kulowesha na hupungua kadiri yanavyoungua.

Jicho hukaa kwenye kijitundu cha nyuma kinachorusha maji ya kupozea. Yasipotoka ndani ya nusu dakika hivi, mashine huzimwa na tundu huzibuliwa kwa waya mwembamba. Mara nyingi chumvi au vumbi la kutu ndilo limeziba. Mashine huachwa ikinguruma kwa mwendo mdogo dakika kumi hivi, huzimwa, hupoa, na mgandamizo hupimwa upya. Ringi zilizoshikana huweza kulegea katika hatua hii na kipimo kikapanda.

Safari za kwanza hufanywa karibu na pwani, pakiwa na chombo kingine, makasia na tanga. Boti iliyozimikiwa na mashine katikati ya Mkondo wa Zanzibar wakati wa kusi, au usiku kwenye Ziwa Victoria wavuvi wakiwa wametega nyavu za sangara mbali na mwalo, huchukuliwa na upepo na mawimbi huipiga ubavuni. Baada ya saa tano hadi kumi za kazi, bolti za hedi hukazwa tena kuanzia za katikati kwenda za pembeni, na giaboksi hukaguliwa kama oili yake imegeuka rangi.

Mashine isiyofaa kukwamuliwa

Bloku iliyotobolewa, kranki iliyopinda pamoja na beringi zilizokufa, au njia za maji zilizoliwa na chumvi hadi maji kuingia silinda, huifanya kazi isilipe, isipokuwa kama kuna mashine nyingine ya aina hiyohiyo ya kutolea sehemu. Mafundi wengi wa mialoni huendesha shughuli zao kwa namna hiyo: mashine mbili au tatu zilizokufa huzaa moja inayokwenda, na giaboksi, kabureta na koili za zilizobaki huwekwa kwa ajili ya inayofuata.